Gari linamisi: ya kupima kabla hujanunua spea

Miezi michache baada ya kununua IST yangu, taa ya chek injini iliwaka nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Injini ilitetemeka kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kama mtu mwenye homa, na kila nikikanyaga mafuta gari lilivuta kwa kusitasita. Nikalipeleka gereji, fundi akachomeka mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa zinazoandikwa na kompyuta ya injini, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Nikanunua sensa. Taa ilizima siku mbili, ikarudi. Gereji ya pili walibadilisha plagi zote nne na kusafisha nozeli zinazopuliza petroli. Ikarudi tena. Jirani yangu, mzee aliyefanya ufundi wa magari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ndiye aliyefungua boneti jioni moja akiwa na mashine ndogo ya kusomea kodi na spana namba 10 tu. Mashine ililalamikia silinda ya pili. Alitoa koili yake, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaiweka kwenye silinda ya tatu, na ya tatu akaihamishia kwenye ya pili. "Kijana, kazunguke nalo kidogo, halafu tusome tena," akaniambia. Niliporudi, mashine haikulalamikia tena silinda ya pili. Ililalamikia ya tatu. Ubovu ulikuwa umehama pamoja na koili.

Zoezi lile lilichukua dakika kumi na halikugharimu hata shilingi. Tangu siku hiyo nimejifunza kupima mwenyewe, na nimeona kwamba fedha nyingi tunazopoteza kwenye magari haya madogo hazipotei kwenye matengenezo. Zinapotea kwenye spea zisizo na ubovu tunazozitoa na kuzitupa.

Magari ninayoyasema ni Vitz, IST, Passo na ndugu zao, yaliyojaa barabara za Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya kwetu. Vitz ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, IST mwaka 2002, Passo mwaka 2004, kwa hiyo mengi tunayoendesha yana umri wa mtu mzima. Jambo zuri ni kwamba yanachangia viungo. Injini ya 1NZ-FE yenye cc 1,496 iliyo kwenye IST imo pia kwenye Probox, Raum na baadhi ya Vitz. Ukikosa koili ya IST dukani, ya Probox inaweza kuingia. La msingi ni kulinganisha namba iliyoandikwa juu yake. Koili nyingi za injini hii zina namba 90919-02240.

Kodi inasema nini hasa

Kompyuta ya injini haina macho. Inapokea volti kutoka kwenye sensa na kuhesabu mizunguko, basi. Chukua mfano wa kodi P0302, inayomaanisha silinda ya pili inamisi, yaani zamu yake ikifika haiwaki ipasavyo. Kompyuta ilijuaje? Karibu na puli ya injini kuna sensa inayohesabu mwendo wa krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na silinda. Silinda ikiwaka vizuri inaisukuma krenki, mwendo unaongezeka kidogo sana. Isipowaka, mwendo unalegea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta inajua zamu ile ilikuwa ya nani, kwa sababu mpangilio wa kuwaka wa injini hii ya IST ni 1-3-4-2, inaandika jina la silinda na kuwasha taa. Kwa nini silinda haikuwaka, haijui. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, waya uliokatika au vali isiyofunga. Kodi imekupa mahali pa kuanzia kupima, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaisoma kama orodha ya manunuzi.

Mashine ndogo ya kusomea kodi inayochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na simu haina bei kubwa, na nashauri kila mwenye gari awe nayo. Tahadhari moja: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa Vitz za mwanzo, mara nyingine hukataa kuzungumza na mashine hizi za kawaida ingawa soketi ni ileile. Usidhani kompyuta imekufa. Jaribu programu nyingine inayotambua Toyota za Japani, au tafuta fundi mwenye mashine kubwa zaidi, akusomee tu kodi na akuandikie. Kodi kamili, kwa namba yake. "Mashine imesema sensa" si jibu la kukubali.

Kumisi

Turudi kwenye kumisi, kwa sababu ndilo tatizo linalosumbua magari haya kuliko mengine na ndilo rahisi kupima nyumbani.

Silinda inahitaji cheche, petroli na mgandamizo. Anza na cheche. Zima gari, acha injini ipoe, toa kifuniko cha plastiki. Kwenye injini ya silinda nne kama ya IST utaona koili nne zimejipanga, kila moja imekaa juu ya plagi yake na kushikwa na bolti moja ya namba 10. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Kwenye gari letu la usukani wa kulia ni upande wa dereva. Bonyeza kishikizo cha soketi ya waya taratibu, kwa sababu plastiki iliyooka kwa joto la miaka 15 inavunjika kama biskuti. Badilishana koili ya silinda inayolalamikiwa na ya jirani. Futa kodi, endesha, soma tena. Kodi ikihama, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, koili ni nzima, irudishe kwake, kisha fanya hivyohivyo na plagi.

Kanuni ya zoezi zima ni kuhamisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja na ubovu ukahama, hutajua ni ipi kati ya hizo mbili. Mafundi wengi wenye haraka hubadilisha vitu vitatu mara moja. Gari likipona, mteja amelipia vitu viwili asivyovihitaji.

Ukichomoa koili, ichungulie. Mpira wake wa chini ukiwa umelowa oili, tatizo limeanzia juu: mpira wa kifuniko cha vali au sili za mashimo ya plagi zimechoka, oili inateremka, mpira wa koili unalainika na cheche inatafuta njia ya mkato kwenda kwenye chuma badala ya kushuka kwenye plagi. Hapo ukinunua koili mpya bila kubadilisha sili, baada ya miezi michache utarudi dukani.

Plagi nayo ina habari zake. Hufunguliwa kwa soketi ya milimita 16, injini ikiwa baridi, maana kichwa cha silinda ni cha alumini na nyuzi zake huharibika ukilazimisha ikiwa na joto. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi iliyokauka kama masizi inaonyesha petroli nyingi mno au cheche dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta mazito inaonyesha oili inaingia ndani, na huo ni mjadala mwingine wa ringi na sili za vali. Tazama pia kauri nyeupe: mstari mwembamba mweusi unaoteremka pembeni ni njia ambayo cheche imekuwa ikitorokea. Plagi mpya ianze kwa kufungwa kwa mkono hadi igote, ndipo uimalizie kwa spana. Kiasi chake ni karibu Nm (nyutonimita) 18, nguvu ya kiasi tu. Na uwe mwangalifu unaponunua. Plagi bandia zenye maandishi ya Denso au NGK zimezagaa, nami ningenunua kwa mtu ambaye kesho nitamkuta palepale kuliko kwa mwenye bei ya chini.

Ikiwa koili na plagi zimehamishwa na silinda ileile bado inamisi, kazi imefika kwenye nozeli au mgandamizo. Mgandamizo unapimwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Unacholinganisha ni silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, weka spea zako chini na umtafute fundi wa injini.

Taa ya chek injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimamishe gari mapema. Inamaanisha petroli isiyoungua inapita hadi kwenye masega, yale yaliyo ndani ya ekzozi yanayosafisha moshi, na inaungulia huko. Masega yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi, na koili moja iliyopuuzwa inakuwa gharama ya aina nyingine kabisa.

Sensa ya oksijeni inayosingiziwa

Ile sensa yangu ya kwanza niliyoitupa ilikuwa nzima. Kodi iliyosomwa siku ile, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa inahusu mchanganyiko wa hewa na petroli, jamaa wa P0171. Silinda isipowaka, oksijeni yake haitumiki, inatoka nzima kwenye ekzozi. Sensa inaikuta, inaripoti "hewa ni nyingi humu". Ilikuwa inasema kweli.

P0171 inamaanisha injini inapata hewa nyingi kuliko ilivyohesabiwa, au petroli kidogo kuliko ilivyoagizwa. Hewa ya wizi huingia kwenye mpira mkubwa ulioko kati ya boksi la filta na throto, mlango wa hewa ya injini, ukiwa umepasuka kwenye mikunjo, au kwenye mipira midogo ya vakyumu iliyokauka. Petroli hupungua pampu ikichoka au filta yake, iliyo ndani ya tangi, ikiziba. Sensa ya kupima hewa ikishika vumbi nayo inahesabu pungufu, na barabara zetu za vumbi pamoja na filta za bei ya chini zinaichafua haraka. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza tu, bila kuigusa kwa kitambaa wala kidole, kwani waya zake ni nyembamba kama nywele.

Kuna namna ya kutenganisha visababishi hivi bila kufungua kitu. Kwenye mashine yako tafuta kipimo cha marekebisho ya petroli ya muda mrefu (Long Term Fuel Trim). Kwenye gari lisilo na ubovu kinacheza karibu na sifuri, kwa kawaida ndani ya asilimia 10 juu au chini. Kitazame gari likiwa kwenye sailensa, kisha ulishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika moja hivi. Kikiwa juu sana kwenye sailensa na kikashuka kuelekea sifuri unapopandisha mizunguko, kuna hewa inayoingia pasipopimwa: tundu ni lilelile, lakini injini ikivuta hewa nyingi tundu hilo linakuwa sehemu ndogo ya jumla. Kikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, elekea kwenye pampu, filta au sensa ya hewa. Nimeona kipimo hiki kikiokoa watu kununua pampu mpya.

Kutafuta tundu lenyewe, tumia kipande cha mpira wa maji kama cha daktari, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye maungio huku injini ikinguruma. Mluzi wa hewa utausikia. Wapo wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta ili injini ibadilike sauti. Karibu na ekzozi ya moto, hiyo ni hatari nisiyoweza kumshauri mtu.

Haliwaki

Hapa sikiliza kabla ya kushika kitu. Kama stata haizunguki, inalia "ta-ta-ta" au kimya kabisa, ni habari ya umeme. Kama inazunguka kwa nguvu lakini injini haikamati, betri yako ni nzima, usiinunue nyingine.

Testa ya kawaida inatosha. Betri iliyopumzika usiku kucha isome karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, kwenye vichwa vya betri pawe kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji, na betri mpya utakayonunua nayo itakufa wiki hiyohiyo. Kipimo ambacho wengi hawakifanyi ni hiki: weka ncha moja ya testa kwenye nguzo ya betri yenyewe na nyingine kwenye kibano chake cha waya, kisha mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye kutu katikati ya nguzo na kibano. Maji ya moto na brashi vitamaliza kazi. Ukifungua vibano, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi.

Kuhusu injini inayozunguka bila kuwaka, nitasema moja tu. Watu hufungua swichi, wakasikilizia mlio wa pampu ya petroli, wasipousikia wakasema pampu imekufa. Kwenye Toyota nyingi za kundi hili pampu haifanyi kazi swichi inapofunguliwa tu. Inasubiri stata izunguke. Kimya hicho ni cha kawaida.

Joto

Katika yote, hili ndilo ninalolihofia, kwa sababu injini inaweza kufa ndani ya safari moja ya kwenda sokoni. Na Vitz nyingi za kizazi cha pili hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu inayozimika injini ikipata joto, na taa nyekundu inayowaka hali ikishakuwa mbaya. Ubaya mwingine ni kwamba sensa ya joto imeundwa kugusa maji. Maji yakiisha kabisa, inabaki kwenye hewa na mvuke, haisomi sawasawa, na taa nyekundu inaweza kuchelewa. Kwa hiyo kipimo chako cha joto ni macho yako, kila wiki, injini ikiwa baridi, kwenye rejeta yenyewe na si kwenye kopo la akiba tu. Kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ikiwa tupu, kama mfuniko hauvuti maji kurudi.

Mfuniko huo watu wanaudharau. Umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, nayo ni nguvu ya mgandamizo unaoushikilia. Kwa mgandamizo wa 1.1 maji yanachemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi yake ikilegea, maji yanachemka mapema, yanamwagika, na gari zima linaonekana bovu kwa sababu ya kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo. Kwa sababu hiyohiyo usiufungue injini ikiwa ya moto: mgandamizo ukitoka ghafla, maji yanachemka na kukurukia usoni pamoja na mvuke.

Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likiingia barabara ya kasi, mshuku feni, kwa kuwa kwenye mwendo upepo unafanya kazi yake. Linalopoa kwenye foleni na kuchemka kwenye mlima au mwendo mrefu, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au mzunguko dhaifu. Linalopandisha mapovu kwenye rejeta tangu linapowashwa, mpira wa juu ukawa mgumu kabla injini haijapata joto, na maji yanapungua bila kuvuja popote, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiendelee kuongeza maji na kutumaini.

Kuna desturi moja inayoniumiza: kung'oa themostati "kwa sababu huku kwetu kuna joto". Themostati, mlango mdogo unaozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kuwa wazi kabisa kwenye 95. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli, matumizi yanapanda, plagi zinashika masizi, na petroli isiyoungua inateremka na kuipunguzia oili nguvu zake. Kisha gari linaanza kumisi na mtu ananunua koili. Kama unaishuku, itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uichemshe, uone inafunguka lini. Isipofunguka, nunua nyingine na uirudishe.

Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi yanakula alumini na kuacha magamba kwenye mirija ya rejeta. Tumia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini. Ukijaza upya, egesha gari pua ikiwa juu kidogo, fungua hita hadi mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, na uongeze taratibu hadi mapovu yaishe na mpira wa chini upate joto. Hewa iliyonaswa ndani inachemsha gari lenye kila kitu kizima.

Kelele za chini

Kugongagonga mbele kwenye vibonde vidogo kwa mwendo mdogo, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vyuma vidogo vinavyoshika fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Ni bei nafuu na nati mbili kila upande. Mlio wa "ka-ka-ka" ukikata kona kali ni CV jointi ya nje, kiungio cha ekseli kilicho karibu na tairi, tafuta buti lake la mpira lililopasuka. Mngurumo unaokua na mwendo ni bearingi ya tairi: ukikata kushoto ukazidi, uzito umehamia kulia, basi ya kulia ndiyo mbovu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi mbili imara, na tairi za nyuma uzizuie kwa mawe.

Yapo nisiyoyagusa nyumbani. Mkoba wa hewa wa kukinga abiria kwenye ajali (airbag) na nyaya zake za njano, gesi ya AC, gasketi ya silinda hedi, ambayo inataka kichwa kipimwe unyoofu kwenye mashine, na gia boksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua, ambazo mafuta yake ni ya aina yake na ya gia boksi ya kawaida yanaziua. Haya nampelekea fundi. Lakini sikuhizi siendi na maneno "gari linasumbua". Naenda na karatasi: kodi P0303, imetokea mara tatu, injini ikiwa na joto, koili imehamishwa kwenda silinda ya nne na kodi haikuhama, plagi imehamishwa na haikuhama. Fundi mzuri akiisoma anaenda moja kwa moja kwenye nozeli au mgandamizo. Na akianza kunieleza habari za sensa ya oksijeni, nachukua funguo zangu.